Habari za Motokaa Iitwayo Benzi

Likizo iliyopita jirani yetu mmoja wa Buterere alinunua motokaa. Ni mtu mzima, dereva wa teksi tangu ujana wake, na fedha aliyoitoa ilikuwa akiba ya miaka 6 pamoja na bei ya kiwanja alichokiuza. Motokaa yenyewe ilikuwa ya zamani, rangi ya maziwa, na mbele juu ya boneti ilisimama nyota ya pembe tatu ndani ya duara, yang'aa kama sahani mpya. Watoto wa mtaa wetu wakaizunguka wakiimba, "Benzi! Benzi!" Mwenyewe alisimama kando, mikono nyuma, akitabasamu kama bwana arusi.

Juma halikwisha, motokaa ikaanza kutetemeka kila ilipotiwa gia ya tatu. Tukaipeleka Buyenzi kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi, nami nilikuwa nikimsaidia kazi siku zile. Mjomba akafungua boneti, akainama, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mzee, nyota hii ni ya Benzi, na milango ni ya Benzi, lakini moyo ni wa mtu mwingine." Kumbe ndani yake mlikuwa na injini ya kigari cha mizigo cha namna nyingine kabisa, imeshikizwa kwa vyuma vilivyochomelewa ovyo, na propela haikulingana nayo. Mtu aliyemwuzia alikuwa amekwisha hama mji.

Mzee yule hakusema neno. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu akaitazama nyota yake. Nami nikajiuliza, jina hili lina nini hata mtu mwenye akili zake, tena dereva, atoe mali yake yote bila ya kufungua boneti? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za Benzi kila nilipopata kitabu, na kuwauliza mafundi wa Buyenzi, ambao hawachoki kuulizwa mradi uwashikie taa. Haya niliyoyapata nawaletea ninyi wanafunzi wenzangu, na wakubwa wetu mliokwisha maliza masomo hapa, ambao baadhi yenu, twasikia, mwaziendesha motokaa hizo wenyewe.

Yafaa tujue kwanza kwamba Benzi ina baba wawili. Wa kwanza ni Karl Benz wa mji wa Mannheim, katika Ujerumani. Baba yake alikuwa dereva wa gari la moshi, akafa mtoto akiwa mdogo sana. Karl akasomea ufundi, akafungua karakana, ikawa nusura imfilisi. Mchumba wake, Bertha Ringer, alitoa fedha za mahari aliyopewa na wazazi wake ili kumwondoa mshirika aliyekuwa akimsumbua, na hilo alilifanya hata kabla hawajafunga ndoa mwaka 1872. (Kwao huko ni wazazi wa mwanamke watoao mali. Nilipomweleza mjomba, alisema desturi hiyo ingemfaa sana.)

Tarehe 29 Januari 1886 Benz aliiandikisha motokaa yake serikalini, kwa hati namba 37435. Ilikuwa na magurudumu matatu. Mtu akitaka kuiona sura yake, aitazame bajaji ya hapa Bujumbura, kisha aiondolee paa na kioo. Injini yake ilikuwa na silinda moja, nyuma ya kiti, na nguvu yake ilikuwa robo tatu tu ya nguvu ya farasi mmoja. Ikienda mbio sana, ilifika kilomita 16 kwa saa, yaani mwendo wa kijana wetu wa baiskeli ya abiria asiye na haraka.

Lakini watu hawakuinunua. Waliistaajabia tu, tena wengine waliiogopa. Hapo ndipo Bertha alipotenda jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika habari hizi. Mwezi wa Agosti 1888, alfajiri, mume wake angali amelala, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaitoa motokaa wakaondoka kwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilomita mia na zaidi kidogo. Mpaka siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amesafiri mbali hivyo kwa motokaa. Vituo vya petroli havikuwapo duniani. Walipofika Wiesloch mafuta yalikuwa karibu kwisha, wakanunua katika duka la dawa, maana mafuta ya namna ile yalikuwa yakiuzwa kwa kuondolea madoa ya nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunga kwa utepe wa soksi zake. Breki za mbao zilipolika, alimwendea mshona viatu akazipigilia ngozi. Na penye mlima watoto walishuka wakasukuma.

Jioni walifika, wakampelekea baba habari kwa simu ya maandishi. Aliporudi, Bertha alimwambia mumewe kwamba motokaa yataka gia nyingine ya kupandia milima, naye akaitia. Hivyo fundi wa kwanza wa njiani, na mtu wa kwanza kuijaribu motokaa katika safari ndefu, alikuwa mwanamke aliyekwenda kumsalimu mama yake. Wenzangu wasemao kwamba garaji si mahali pa wasichana, nawaomba walifikiri neno hilo.

Baba wa pili ni Gottlieb Daimler wa Cannstatt, karibu na Stuttgart, aliyefanya kazi pamoja na fundi wake hodari Wilhelm Maybach. Mwaka 1885 walitia injini katika chombo cha magurudumu mawili, na mwaka 1886 katika gari la farasi. Daimler alikufa mwaka 1900, kwa hiyo hakuliona jina ambalo motokaa zake zingeitwa duniani kote.

Na jina lenyewe limetokaje? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu katika chumba cha kusomea hata msimamizi akanitazama. Nilidhani Mercedes ni jina la fundi mkuu, au la mji, au neno la Kidachi lenye maana ya nguvu. Sivyo. Ni jina la mtoto wa kike. Mfanya biashara mmoja, Emil Jellinek, aliyekaa Nice katika Ufaransa, alikuwa akinunua motokaa za Daimler na kuwauzia matajiri waliokuja kupumzika pwani. Alipenda mashindano, naye alishindana kwa jina la binti yake, Mercedes, aliyezaliwa mwaka 1889. Mwaka 1900 aliagiza motokaa 36 kwa mara moja, kwa sharti ziwe nyepesi, ziwe chini zaidi, ziwe na nguvu, tena ziitwe Mercedes. Maybach akaunda motokaa mpya ya nguvu za farasi 35, na mwaka 1901 ikawashinda wote huko Nice. Mwaka 1902 jina hilo likaandikishwa kuwa alama ya biashara, na mwaka 1903 Jellinek mwenyewe akalitia jina la binti yake katika jina lake, akaitwa Jellinek-Mercedes. Kwa Kispaniola neno hilo lina maana ya rehema. Mercedes mwenyewe, yule mtoto, alifariki mwaka 1929 kabla ya kutimiza miaka 40.

Kwa hiyo jina la Mercedes tangu mwanzo lilikuwa jina la kuuzia. Si neno baya, kwani motokaa iliyokuwa chini ya jina ilikuwa motokaa kweli. Ila aliyemwuzia jirani yetu alijifunza nusu ya kwanza ya somo la Jellinek, ile nusu ya pili akaiacha.

Nyota iliandikishwa mwaka 1909. Husemwa kwamba pembe zake tatu ni nchi kavu, maji na anga, kwa kuwa Daimler alitaka injini zake ziendeshe vyombo vya mahali pote patatu. Mwezi wa Juni 1926, kwa sababu ya shida za fedha baada ya Vita Kuu ya kwanza, kiwanda cha Daimler na kile cha Benz viliungana. Ndipo motokaa ikaitwa Mercedes-Benz. Wengine duniani husema "Mercedes", sisi wa Afrika ya Mashariki tukashika mwisho wa jina tukasema "Benzi". Nadhani ni kwa sababu ni rahisi kwa ulimi.

Katika nchi zetu, ukoo wa Benzi ulikanyaga zamani kuliko nilivyodhani. Tarehe 10 Agosti 1907, wakati Burundi ingali chini ya Wadachi pamoja na Tanganyika, ofisa mmoja aliyeitwa Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akataka kulivuka bara la Afrika mpaka Bahari ya Atlantiki. Motokaa yake iliundwa kwa ajili ya safari hiyo, imeinuliwa juu ya ardhi, katika kiwanda cha Gaggenau. Kiwanda hicho kilianza kushirikiana na Benz mwaka ule ule wa 1907, na baadaye kikawa mali ya Benz kabisa. Petroli ilibidi itangulizwe njiani na kuwekwa akiba, maana hakukuwa na barabara wala mwuza mafuta. Graetz alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Hesabuni wenyewe, ni siku 630.

Vitabu humsifu Graetz kwa ushujaa, wala mimi simnyimi sifa yake. Lakini motokaa ile ilianza safari katika nchi iliyokuwa imetoka tu katika Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, na sina shaka kwamba mikono iliyoitoa matopeni na kuivusha mito ilikuwa mingi kuliko mikono yake miwili. Majina ya wenye mikono hiyo sikuyaona katika niliyoyasoma.

Sasa nieleze kidogo habari za dizeli, maana ndizo zilizoipa Benzi heshima kwa mafundi, si kwa wakubwa tu. Injini ya petroli yahitaji cheche ya plagi ili iwashe mafuta. Injini ya dizeli haina cheche. Yavuta hewa tupu, yaikandamiza ndani ya silinda kwa nguvu nyingi hata hewa yenyewe yawa moto sana, kisha mafuta yapulizwa humo yakawaka yenyewe. Ukitaka kuamini, shika ncha ya chini ya pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu kwa haraka, utaona ilivyopata moto. Kwa sababu ya mkandamizo huo, injini ya dizeli lazima iundwe kwa chuma kizito na imara. Haina mbio, ina kelele, asubuhi yataka kupashwa moto kwanza, lakini hunywa mafuta kidogo na hudumu. Mwaka 1936 Mercedes-Benz walionyesha motokaa yao ya 260 D, ambayo ilikuwa miongoni mwa motokaa za abiria za kwanza duniani kuundwa kwa wingi kwa injini ya dizeli. Wenye teksi waliipenda mara moja.

Motokaa ambayo mafundi wa Buyenzi huitaja kwa sauti ya upole, kama mtu amtajaye marehemu babu yake, ni ile iliyoundwa tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, ambayo kiwandani iliitwa W123. Ziliundwa karibu milioni 2 na laki 7. Ile ya 240 D ina silinda nne, na ile ya 300 D ina silinda tano. Ndani yake hamna kompyuta. Karibu kila kitu chaweza kufunguliwa kwa spana, kusafishwa na kurudishwa. Mjomba asema, "Motokaa hii yazungumza na fundi. Hizi za siku hizi zazungumza na mashine, nayo mashine huna."

Katika Ugiriki alikuwako dereva wa teksi, Gregorios Sachinidis, aliyekuwa na 240 D ya mwaka 1976. Mwaka 2004 aliwakabidhi wenye kiwanda wakaiweka katika jumba lao la makumbusho, nayo ilikuwa imekwenda kilomita milioni 4 na laki 6. Niliposoma hayo nilikimbilia kwa mjomba, naye akaniuliza swali moja tu: "Kwa injini ile ile?" Nikarudi kusoma. La, injini ilikuwa imebadilishwa mara nyingi. Akacheka. "Basi hata huyo alifungua boneti."

Wazee wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipata kuiona sifa hiyo kwa macho katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Barabara zilikuwa udongo mtupu, mvua ya masika ikizigeuza kuwa uji. Mwaka 1959 na tena 1960 walishinda Bill Fritschy na Jack Ellis kwa Mercedes 219, na mwaka 1961 akashinda John Manussis kwa Mercedes 220 SE. Miaka mitatu mfululizo! Hizo hazikuwa motokaa nyepesi za mashindano, zilikuwa motokaa za kwendea kazini. Ni kweli, basi, kwamba sifa ya Benzi katika nchi zetu haikuletwa na matangazo tu.

Lakini lugha yetu imeweka ukumbusho mwingine. Baada ya Uhuru, wakubwa wapya walipoanza kupita barabarani kwa motokaa hizo, wananchi waliwapa jina: Wabenzi. Ona ufundi wa jina hilo. Kama kuna Wazaramo na Wakikuyu, na hawa pia ni kabila, ila kabila lao halina kijiji wala mila, lina motokaa. Jina hilo lilivuka mipaka likaingia hata katika vitabu vya Kizungu. Sijui kama kuna kiwanda kingine cha motokaa duniani ambacho Waswahili wamekitungia kabila. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi wa Tanzania kuwa na mishahara miwili, kununua hisa, na kupangisha nyumba, halikutaja motokaa, lakini walioitwa Wabenzi walijua kwamba wanasemwa wao. Na Mercedes kubwa kupita zote ya wakati huo, ile 600 iliyoanza kuundwa mwaka 1963, ilikuwa kipenzi cha watawala wengi, Mobutu wa Zaire akiwamo.

Kuna jambo zito zaidi, nalo sikulijua kabla ya kusoma. Wakati wa utawala wa Hitler kiwanda hiki kilitengeneza injini za ndege na magari ya vita, na wafanya kazi wake wengi hawakuja kwa hiari. Mwaka 1944 wafanya kazi walikuwa 63,610, na karibu nusu yao walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliochukuliwa kutoka nchi nyingine, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe hukiri habari hizo leo, na mwaka 1988 ilitoa marka milioni 20 kwa ajili ya walioteswa na jamaa zao. Nimepima kama inafaa kuyaandika haya katika makala ya motokaa. Nikaona kwamba nikimsifu Bertha kwa jina lake, nikawaacha hao elfu nyingi wasio na majina, nitakuwa nimefanya kama yule mwuza motokaa: ningewapa nyota nikaficha injini.

Tena kuna msiba wa Le Mans katika Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955, Mercedes ya mashindano iliporuka ikaanguka penye watazamaji wakafa watu zaidi ya 80 pamoja na dereva wake. Mwisho wa mwaka huo kampuni ikaacha mashindano kwa miaka mingi. Kwa upande wa usalama, mhandisi wao Béla Barényi alikuwa amekwisha buni mwili wa motokaa ambao mbele na nyuma hujikunja wakati wa mgongano ili katikati wanapoketi watu pasivunjike, na tangu 1959 motokaa zao ziliundwa hivyo. Siku hizi karibu kila motokaa duniani ina ubunifu huo. Hata ile kuukuu inayokupeleka Gatumba ikiwa na abiria wanne nyuma hujikunja mbele kwa kufuata wazo lake.

Ya miaka ya karibuni nayapita upesi. Mwaka 1998 kampuni iliungana na Chrysler ya Marekani, ndoa ikavunjika 2007. Mwaka 2020 ilikubali kulipa Marekani zaidi ya dola bilioni moja kwa mashtaka ya moshi wa dizeli. Mwishoni mwa 2021 malori yalitengwa yakawa kampuni ya peke yake.

Nirudi kwa jirani yetu. Mjomba alimwonyesha kitu ambacho ningependa kila msomaji akijue, hasa anayeanza kupata mshahara. Kwenye ubavu wa injini za dizeli za zamani za Mercedes pamepigwa namba. Ikianza na 616, hiyo ni injini ya 240 D. Ikianza na 617, ni ile ya silinda tano. Huhitaji kuwa fundi. Wahitaji kitambaa cha kufutia mafuta, tochi, na dakika tano kabla ya kutoa fedha, kisha uilinganishe namba hiyo na iliyo katika karatasi za motokaa.

Juma lililofuata tulipata habari ya 240 D iliyogongwa ubavuni, imelala katika ua mmoja njiani kwenda Gatumba. Tukaenda watatu, mzee, mjomba na mimi. Mzee hakuitazama nyota. Aliomba kitambaa, akainama mwenyewe, akafuta, akasoma kwa sauti: sita, moja, sita. Mwenye ua alitaja bei, mjomba akacheka, mwenye ua naye akacheka, na mpaka ninapoandika haya wangali wakicheka, kila mmoja upande wake.

Motokaa yenyewe ipo Buterere chini ya mwembe, na kuku wamefanya makao chini yake. Nyota haipo tena juu ya boneti. Mzee aliing'oa usiku mmoja kwa kuogopa wezi, akaifunga katika kitambaa, akaitia sandukuni pamoja na karatasi za kiwanja alichokiuza.